Uzi wa nyuzi sita: B.B. King, dereva wa trekta aliyeliza gitaa kwa noti moja

#1 Mzee wa Nyuzi

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye mjadala wa wapiga solo bora wa muda wote kuna mtu alimtaja B.B. King, mpiga gitaa wa blues, ule muziki wa huzuni wa weusi wa Marekani. Akajibiwa: "Huyo babu anapiga noti tatu tu, hata mtoto wa kwaya anaweza." Nilitaka kujibu palepale, nikaona jibu langu litakuwa refu kuliko mjadala wenyewe. Ndiyo nimefungua kijiwe changu. Vuteni viti.

Nianze kwa kukubali kwamba jamaa hakudanganya. Noti za B.B. zilikuwa chache. Kuna mambo ambayo mpiga gitaa yeyote wa bendi ya baa anayafanya bila kufikiri, na huyu mzee hayawezi. Hawezi kuimba huku anapiga. Kodi (za gitaa, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, siyo za TRA) alikuwa anazikwepa kama deni. Hata kuteleza na kipande cha chupa kwenye nyuzi, kitu ambacho kila mpiga blues wa kwao alikua nacho, kilimshinda. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi kila kilichomshinda kilivyozaa kitu ambacho wenzake wote walikuja kukiiga.

Jina lake halisi ni Riley B. King. Alizaliwa tarehe 16 Septemba 1925 kwenye shamba la pamba sehemu inaitwa Berclair, karibu na mji wa Itta Bena, jimbo la Mississippi. Familia yake ilikuwa inalima kwa kugawana mavuno. Maana yake ardhi ni ya mzungu, mbegu za mkopo, unga na mafuta ya taa vya mkopo, halafu msimu ukiisha mnakaa kupiga hesabu na kalamu iko mkononi mwa mwenye shamba. Mnajua hesabu za namna hiyo huwa zinaishaje.

Wazazi walitengana akiwa bado mdogo. Mama akaenda naye upande wa vilima, Kilmichael, na huko akafariki Riley hajatimiza hata miaka 10. Akalelewa na bibi mzaa mama, naye akafariki 1940. Kijana wa miaka 14 akabaki kwenye kibanda peke yake, analima kulipa deni lililoachwa.

Gitaa alianza kulitamani kanisani. Mchungaji wao, Archie Fair, alikuwa anahubiri na gitaa mkononi, na ndiye aliyemwonyesha kodi tatu za kwanza. Kwa shangazi wa mama yake kulikuwa na gramafoni, huko ndiko alikozisikia santuri za Blind Lemon Jefferson na Lonnie Johnson. Gitaa lake la kwanza lilikuwa la dola 15. Tajiri wake alimlipia, kisha akawa anamkata kidogo kidogo kwenye mshahara.

Naenda kula, nikirudi nawapeleka Memphis.

#2 Kigoda cha Mbele

Nimewahi nafasi. Tiririka mkuu, ila usituache njiani kama wale wenzako wa "itaendelea" tunaowasubiri tangu 2016.

#3 Ng'wana Pamba

Mimi mtoto wa Shinyanga, pamba naijua kuanzia palizi mpaka kwenye mizani. Hapo kwenye kalamu kuwa mkononi mwa mwenye shamba umenigusa. Babu yangu alikuwa anasema pamba ni nyeupe shambani tu, ikifika kwenye mizani inakuwa nyeusi. Endelea mkuu.

#4 Mzee wa Nyuzi

Ng'wana Pamba, maneno ya babu yako nimeyahifadhi.

Tuendelee. Mwaka 1943 Riley anahamia Indianola, palepale Mississippi, anapata kazi ya kuendesha trekta. Kwa enzi zile na kwa kijana mweusi, dereva wa trekta alikuwa mtu wa maana shambani. Alipoitwa jeshini wakati wa vita, baada ya mafunzo walimrudisha shambani, maana pamba nayo ilihesabiwa kuwa kazi ya vita.

Jumamosi alikuwa anachukua gitaa anasimama kwenye kona ya mtaa mjini. Hapa kuna kisa alikipenda kukisimulia mpaka uzeeni. Mtu akipita akaomba wimbo wa dini, anampigia, yule mtu anamshika bega: "Mwanangu, una kipaji, Mungu akubariki." Anaondoka. Anakuja mwingine anaomba blues. Anampigia, huyu anatumbukiza senti kwenye kofia, wakati mwingine na bia juu. Riley alikuwa muumini kwelikweli, alikuwa na kikundi cha injili kilichokuwa kinaimba mpaka redioni Greenwood. Lakini kofia ilikuwa inampa hesabu tofauti na ya kwaya.

Siku moja ya 1946 akamaliza kazi, akazima trekta, lakini injini ikastuka na trekta likasogea mbele likaingia bandani. Bomba la moshi likavunjika. Riley akaona bora akimbie kuliko kumwona bosi usoni. Akachukua gitaa, mfukoni ana dola mbili na nusu, akaingia barabarani kuelekea Memphis, Tennessee.

Memphis alikuwa na binamu wa mama yake, Bukka White. Wanaojua blues wanajua uzito wa jina hilo. Bukka alikuwa anavaa chuma kidoleni na kukitelezesha juu ya nyuzi mpaka gitaa linalia kama mama aliyefiwa. Riley alikaa naye miezi kama 10 akijaribu kujifunza ule mlio. Vidole vikakataa kabisa. Kwa hiyo akaanza kuutafuta mlio uleule kwa kidole kitupu, anakandamiza uzi halafu anautikisa. Shikeni hapo kwenye kutikisa, nitarudi.

Baadaye alirudi Indianola, akafanya kazi akalipa deni la trekta, ndipo 1948 akahamia Memphis moja kwa moja. Nilipomsoma mara ya kwanza nilidhani habari ya kulipa ni ya kupambia. Ila ukiona maisha yake ya mbele, utakuta amelipa madeni mengi, mengine hata si makosa yake.

#5 Mzee wa Nyuzi

Memphis ya pili. Anakwenda ng'ambo ya mto, West Memphis, Arkansas, anaomba nafasi kwenye kipindi cha redio cha Sonny Boy Williamson, mpuliza kinanda cha mdomo. Anaruhusiwa wimbo mmoja. Watu wanaupenda, na mama mmoja mwenye ukumbi anampa kazi kwa dola 12 kwa usiku, sharti awe anasikika redioni ili autangaze ukumbi. Dola 12! Shambani hela hiyo ilikuwa ya siku nyingi mgongo umeinama.

Basi akaenda WDIA. Hii stesheni ina historia yake, kwa sababu ndiyo ya kwanza Marekani kuelekeza vipindi vyake vyote kwa wasikilizaji weusi. Wakampa dakika 10 za kupiga gitaa na kutangaza dawa ya nguvu ya chupa iitwayo Pepticon. Dawa yenyewe ilikuwa na pombe ndani, ndiyo maana hata wazee wa kanisa waliipenda bila aibu. Hapo akapata jina: Beale Street Blues Boy, kwa sababu ya mtaa wa muziki wa Memphis. Likakatwa likawa Blues Boy, likakatwa tena likawa B.B.

Sasa moto. Kisa hiki wengi mmekisikia nusunusu. Ni majira ya baridi, 1949, kijiji cha Twist, Arkansas. Ukumbi wa mbao. Katikati ya ukumbi pipa limejazwa mafuta ya taa nusu, linawaka, ndiyo hita yenyewe, na watu wanacheza pembeni yake. Wanaume wawili wakaanza kupigana, wakaligonga pipa, mafuta yakamwagika sakafuni yanawaka. Watu wote mlangoni. B.B. akatoka salama, akafika nje ndipo akakumbuka ameacha gitaa ndani. Gitaa la dola 30. Akarudi motoni kulichukua huku ukumbi unaanguka. Watu wawili walikufa usiku ule. Kesho yake akaambiwa ugomvi ulikuwa wa mwanamke aliyekuwa anafanya kazi palepale, anaitwa Lucille. Akalipatia gitaa lake jina hilo, na kila gitaa lililofuata, ili akumbuke asirudie ujinga kama ule.

#6 Shahidi wa Pili

Mkuu hii ni chai. Mtu arudi kwenye moto kwa ajili ya gitaa la dola 30? Na jina la mwanamke limetokea vizuri mno, kama limeandikwa na watu wa matangazo.

#7 Mzee wa Nyuzi

Chai ina sukari yake mkuu, lakini hii alikuwa anaisimulia yeye mwenyewe zaidi ya miaka 60, na hakujisifu hata mara moja. Aliita upumbavu. Halafu piga hesabu: gitaa lake la kwanza lilikuwa dola 15 na alikatwa kwenye mshahara kulipia. Hili lilikuwa mara mbili yake. Kwa mtu wa namna hiyo dola 30 ndiyo duka, ndiyo shamba, ndiyo leseni ya udereva. Mimi nimeona fundi cherehani akirudi kwenye nyumba inayovuja umeme kufuata kichwa cha cherehani. Hakuuliza bei.

#8 Fundi Solo

Wakuu naomba niingilie kwa upande wa mikono, maana mimi gitaa ndilo linanilisha (wakati mwingine halinilishi).

Mkimwangalia B.B. kwenye video, acheni mkono wa kulia, tazameni wa kushoto. Sisi wengi tukitikisa uzi, kidole gumba kimeng'ang'ania shingo ya gitaa nyuma. Yeye anakiachia. Mkono mzima unaning'inia kwenye ncha ya kidole kimoja na unapiga mbawa kama kipepeo. Ndiyo maana sauti yake haitetemeki kwa wasiwasi, inatetemeka kama ya mtu anayejizuia kulia. Jaribuni nyumbani. Mimi nilijaribu mwaka mzima, nikaishia kuumia kifundo.

Kitu cha pili ni kuvuta uzi. Anaukandamiza halafu anausukuma upande mpaka noti inapanda, na anajua pa kuusimamisha. Blues inapenda zile noti zilizo katikati, ambazo kwenye piano hazipo, ziko kati ya kitufe na kitufe. Pale ndipo anapoishi.

Kuhusu kutokuimba huku anapiga: kimuundo blues ya kawaida ina vipimo 12. Unaimba mstari, unaurudia, halafu unaujibu. Kila mstari ukiisha kuna nafasi imebaki. Wengine wanaijaza kwa kodi. B.B. anafunga mdomo na Lucille anajibu. Zinakuwa sauti mbili zinazosemezana na hazikatizani. Na ni kwa sababu aliona mikono na mdomo haviendi pamoja! Kwa hiyo Mzee wa Nyuzi hapo namuunga mkono asilimia mia.

Nyongeza ya kifundi: gitaa zile za Gibson alizozipenda zina matundu mawili juu kama fidla, na ukiongeza sauti zinaanza kupiga yowe kwenye spika. Alikuwa anasokomeza taulo ndani kuyaziba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gibson wakamtengenezea Lucille isiyo na matundu. Kampuni inabadilisha gitaa ili kuokoa taulo, hiyo ndiyo heshima.

#9 Mzee wa Nyuzi

Fundi Solo asante sana, umenipunguzia kazi. Niongeze tu kwamba Bukka alimwachia ule mlio wa chuma, na kule kwenye santuri alimsikia T-Bone Walker akipiga gitaa la umeme noti mojamoja, na Django Reinhardt wa Ufaransa pia alimpenda mno. Changanya hao watatu kwenye vidole vilivyokataa chuma, unapata B.B.

Sasa barabara.

Wimbo uliomtoa ni 3 O'Clock Blues, alioutoa mwisho wa 1951. Mwaka 1952 ukashika namba moja kwenye chati ya rhythm and blues, yaani ya muziki wa weusi, wiki kadhaa. Kuanzia hapo maisha yake yakawa ni basi. Mwaka 1956 peke yake alifanya maonyesho 342. Gawanyeni wenyewe, mwaka una siku ngapi. Huyu hakuwa mwanamuziki anayesafiri, alikuwa dereva wa masafa marefu anayeshuka kuimba. Na safari zenyewe ni Marekani ya kusini ya ubaguzi: mtu mweusi haruhusiwi kulala kwenye hoteli nyingi, kula anapelekewa mlango wa nyuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 basi lake liligongana na lori huko Texas. Yeye hakuwemo, lakini watu wawili wa kwenye lori walikufa, na bima yake ilikuwa haifanyi kazi wakati ule. Deni likamkalia miaka mingi. Hapa huwa namkumbuka Mbaraka Mwinshehe wetu, ambaye barabara ilimchukua kule Mombasa Januari 1979. Muziki wa dansi na blues vyote vimeandikwa na matairi.

Halafu kuna wizi wa kalamu. Wenye kampuni iliyomrekodi, ndugu wa Bihari, walikuwa wanaweka majina ya uongo kama watunzi wenza ili nusu ya mapato irudi kwao. Utaona kwenye santuri za zamani: Taub, Josea, Ling. Hao watu hawapo. B.B. mwenyewe alisema waziwazi kwamba hakuwahi kutunga na mtu wa majina hayo. Ng'wana Pamba, ile mizani ya babu yako imehamia studio.

Na kodi, safari hii ya kweli: mamlaka ya mapato ya Marekani ikamfuata katikati ya miaka ya 1960 na madai makubwa, wakati huohuo ndoa yake ya pili inavunjika.

#10 Dada wa Jirani

Ndoa imevunjika au ameivunja? Mtu anafanya maonyesho 342 kwa mwaka, mke anaolewa na nani, na picha ukutani? Na nimesoma sehemu kwamba alikuwa na watoto 15. Hilo naona mnalipita pembeni.

#11 Mzee wa Nyuzi

Dada yangu, silipiti. Aliwatambua watoto 15 na ndoa zote mbili zilishindwa. Mwenyewe alikiri kwamba barabara ndiyo iliyokuwa mke. Simtetei. Mtu anaweza kumlipa bosi wake bomba la moshi la trekta na bado akadaiwa na nyumba yake mwenyewe.

#12 Dada wa Jirani

Haya, hapo umejibu. Endelea.

#13 Mzee wa Nyuzi

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 blues ilikuwa imeanza kuwaaibisha vijana weusi wenyewe. Walikuwa wanataka soul, wanataka suti mpya, na blues ilikuwa inawakumbusha shamba, pamba, babu anayeinama mbele ya mzungu. B.B. alisimulia jinsi alivyozomewa na vijana wa watu wake kwenye jukwaa, akaimba machozi yanatoka. Alikuwa anasema kuwa mwimbaji wa blues ni kama kuwa mweusi mara mbili.

Hakubadilisha muziki. Wengine walibadilisha. Mwezi Novemba 1964 akarekodi onyesho la Regal, ukumbi wa weusi wa Chicago, likatoka kama albamu mwaka uliofuata. Mkitaka kujua "noti tatu" zinafanya nini kwa binadamu, sikilizeni wanawake wanavyopiga kelele kwenye ile santuri kila anapovuta uzi.

Ikaja 1967, San Francisco. Amepangiwa ukumbi wa Fillmore, ukumbi ambao alikuwa anaujua kuwa ni wa watu weusi. Basi linafika, anachungulia dirishani, anaona foleni ya vijana wa kizungu wenye nywele ndefu wamejaa mpaka barabarani. Akadhani dereva amekosea njia. Akamwita mwenye ukumbi, Bill Graham, akaambiwa hapana mzee, ni hapahapa. Kumbe wapiga gitaa vijana wa kizungu kama Mike Bloomfield walikuwa wamemsikiliza miaka yote kwenye santuri na walikuwa wanamtaja kwa kila mtu.

Graham akapanda jukwaani akamtambulisha kwa maneno machache. Ukumbi wote ukasimama. Hajapiga hata noti moja, wamesimama. Alilia. Alikuwa na miaka 41, amepiga gitaa zaidi ya miaka 20, na hakuwahi kusimamiwa namna ile.

Mimi hiki kisa kinanipa furaha na uchungu kwa pamoja. Furaha kwa sababu alistahili. Uchungu kwa sababu waliosimama hawakuwa watoto wa pamba.

#14 Shahidi wa Pili

Hapo sasa umesema. Lakini niulize swali la kichokozi: nyimbo zake mbili kubwa, zote si zake. 3 O'Clock Blues ni ya Lowell Fulson. The Thrill Is Gone ni ya Roy Hawkins wa mwaka 1951. Kwa hiyo mfalme amejengewa nyumba na wengine?

#15 Mzee wa Nyuzi

Shahidi, leo umekuja na kitabu. Ni kweli zote mbili. Lakini sikiliza ile ya Hawkins halafu ya B.B. Ya kwanza ni mtu anasikitika kwamba mapenzi yameisha. Ya B.B. ni mtu ambaye yameisha na ameshahama mji.

Aliirekodi Juni 1969. Mtayarishaji wake, Bill Szymczyk, baada ya kusikiliza akamwambia ataongeza fidla. Fidla kwenye blues! Kwa mashabiki wa zamani ni kama kuweka kinanda cha kanisa kwenye mchiriku. B.B. akakubali. Mwaka 1970 ukafika namba 15 kwenye chati kuu ya Marekani, yaani ya watu wote, na ukampa Grammy yake ya kwanza. Baadaye zikafika 15.

Na mwishoni mwa 1969 alikuwa anawafungulia Rolling Stones, bendi ya rock ya Uingereza, jukwaa kwenye ziara yao ya Marekani. Tuzo nyingine sitaziorodhesha, ziko nyingi na zinachosha. Nitataja moja tu isiyo tuzo: Septemba 1970 aliingia gereza la Cook County, Chicago, akawapigia wafungwa, na ikawa albamu. Baada ya hapo aliendelea kupiga magerezani kwa miaka mingi, bila kulipwa.

#16 Mwana Lubumbashi

Jambo yenu bandugu. Miye niko Lubumbashi, nasoma tu hapa kimyakimya, lakini mumesahau Kinshasa! B.B. King alifikaka kwetu mu 1974, kwa ile festivali ya mbele ya mupambano wa Ali na Foreman. Baba yangu alikuwaka anatumika Kinshasa ule mwaka. Anasema kama alienda kwa sababu ya James Brown na Tabu Ley, ule mzee wa gitaa hakumujua. Lakini sasa akiongea ile mambo, ni ule mzee ndiye anamwongeleaka sana. Anasema: "Alifunga macho kama mutu anaomba."

#17 Mzee wa Nyuzi

Ndugu wa Lubumbashi karibu sana, na mpe salamu mzee.

Ni kweli na nilikuwa nakuja huko. Tarehe 22 mpaka 24 Septemba 1974, uwanja wa 20 Mai, Kinshasa. Waandaaji wa muziki walikuwa Hugh Masekela wa Afrika Kusini na rafiki yake Stewart Levine. Pambano lilitakiwa lifuate mara moja, lakini Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa mpaka 30 Oktoba. Muziki haukusubiri. Jukwaa moja lilikuwa na James Brown, Bill Withers, Miriam Makeba, Celia Cruz na Fania, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley. Na B.B. na Lucille.

Hebu fikirieni Franco na B.B. kwenye jukwaa moja. Franco gitaa linazunguka, linarudia, linazunguka tena mpaka kiuno kinakubali bila kuombwa. B.B. anapiga noti moja, ananyamaza, anaiacha ining'inie.

#18 Fundi Solo

Na wote wawili walikuwa wanene na wote walikuwa wanatoka jasho kama wamebeba gunia. Ila mkuu usinigombanishe, kwenye kucheza mimi ni wa sebene mpaka kaburini. Blues ni ya kukaa.

#19 Kigoda cha Mbele

Wale wa kuanza tuanzie wapi? Mimi bando langu ni dogo.

#20 Mzee wa Nyuzi

Bando dogo: ile ya Regal ya 1964, yote, ni kama dakika 35 tu. Ukipata nyongeza, The Thrill Is Gone. Albamu aliyofanya na Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, mwaka 2000 ni nzuri ila iache mwisho, hapo mzee alikuwa ameshatajirika na anacheka.

Nimalizie safari. Mwaka 1990 aligundulika na kisukari, baadaye akaanza kupiga akiwa amekaa kwenye kiti, na hakupunguza sana maonyesho. Kule nyumbani Mississippi, jimbo lilelile lililokuwa likimlisha mlango wa nyuma, bunge lilimwalika 2005 likampa siku yake. Akalia tena. Oktoba 2014 aliugua jukwaani Chicago na hakurudi barabarani. Alifariki Las Vegas tarehe 14 Mei 2015 akiwa na miaka 89.

Mwili ulipelekwa Memphis kwanza. Ukapitishwa mtaa wa Beale, bendi ya matarumbeta mbele, Lucille amebebwa nyuma ya gari. Kisha wakashuka naye kwa barabara ya 61 mpaka Indianola, barabara ileile ya nyumbani kwa pamba.

Amezikwa kwenye jumba lake la makumbusho. Ng'wana Pamba, hapa nilikuwa nakusubiri wewe: jumba hilo limejengwa kuzunguka jengo la zamani la matofali, kiwanda cha kuchambulia pamba. Alifanya kazi mle ndani miaka ya 1940, enzi zilezile za trekta.

#21 Ng'wana Pamba

Duh. Kwa hiyo amerudi kiwandani.

Nimeanza ile ya Regal sasa hivi, niko kwenye daladala. Wimbo wa kwanza tu konda ameuliza nasikiliza nini.